Jina Langu Lilibaki Kwenye Chumvi

Ndugu yangu alinipigia simu adhuhuri, nikiwa juu ya ngazi huko Mtwapa, napaka rangi ukuta wa nyumba ya kupangisha. Hakunisalimu. Aliniuliza kama kitambulisho changu bado ninacho, si kopi, chenyewe. Nikamwambia kimo mfukoni. Akasema nifike nyumbani kabla ya Alhamisi, kwa maana mkewe amekwenda kwa kadhi kutaka ndoa ivunjwe, na juu ya hilo anataka nusu ya pensheni ya kiwanda cha chumvi.

Nilishuka ngazi nikakaa juu ya debe la rangi. Habari za ndoa yake nilikuwa nazo. Alikuwa ameoa mke wa pili huko Mambrui, na kwa mke wa kwanza akawa anapita kama mgeni. Kilichonikalisha ni ile pensheni. Iko kwa jina langu, tangu mwezi wake wa kwanza hadi leo, na mimi chumvini nilifanya kazi wiki tatu.

Ilikuwa hivi. Kwetu ni ng'ambo ya Sabaki, upande wa kaskazini, si mbali na pale mto unapoingia baharini na matope yake mekundu. Baba alikuwa na shamba na minazi, na uwezo wa kumsomesha mtoto mmoja hadi sekondari. Mkubwa nilikuwa mimi. Mdogo wangu, tuliyepishana miaka miwili, alitoka shule darasa la saba akashika jembe, na sikumbuki mtu yeyote kumuuliza kama alitaka kuendelea. Nilipomaliza kidato cha nne nilikaa nyumbani mwaka na zaidi bila kazi. Kisha kiwanda kimoja cha chumvi kikatafuta watu wa kudumu, si vibarua, na kila mmoja aje na cheti cha kidato cha nne na kitambulisho. Nikaenda, nikaandikwa. Fomu nilizijaza kwa mkono wangu, kwa mwandiko mzuri wa shule. Palipouliza mke, niliandika hakuna. Palipouliza mrithi wa akiba ya uzeeni, niliandika jina la mama.

Niliwekwa kwenye pampu. Bamvua ikija, bahari ikijaa sana, tunayaingiza maji kwenye mabwawa, maji mafu yakifika, bahari isiyojaa, tunafunga, jua linafanya kazi yake. Sijapata kuona mahali penye mwanga mkali kama pale. Jua liko juu na jua jingine liko chini, kwenye weupe ule, na huna pa kugeuzia uso. Chumvi huingia ndani ya buti za mpira ikasaga nyama ya mguu polepole. Watu tuliowakuta pale walikuwa na visigino vilivyopasuka kama udongo wa kiangazi, na ndani ya mipasuko kulikuwa na weupe usiotoka kwa sabuni. Niliwatazama miguuni zaidi kuliko usoni. Ijumaa ya malipo buti niliziacha nyumbani, na jioni sikurudi. Nilipanda lori la chumvi lililokuwa likienda Mombasa, nikajilaza juu ya magunia, na tulipovuka daraja la Sabaki nilijisikia mwepesi kiasi cha kutaka kuimba.

Baba hakuweza kuvumilia kuona kazi ya kudumu imekaa bure. Jumatatu alimvika mdogo wangu buti zangu, akampa cheti changu na kopi ya kitambulisho, akampeleka getini mwenyewe pamoja na majogoo wawili wa kumpa nyapara. Nyapara aliita jina langu. Ndugu yangu akaitika.

Hakuna aliyeona kuwa ni kosa. Nyumbani kwetu mashati yangu yote yaliishia kwa mdogo wangu, na baba aliiona kazi vivyo hivyo. Mimi mwenyewe nilipopata habari, miezi miwili baadaye, nilifurahi, nikahisi kama nimesamehewa kutoroka. Mishahara ilipoanza kupitia benki nilikuja siku moja kutoka Mnarani, nikafungua akaunti kwa kitambulisho changu na uso wangu, kisha nikampa ndugu yangu kadi na namba ya siri. Alininunulia soda. Akainua chupa, akaniita kwa jina lake mwenyewe, akasema, "Haya, kaka, chukua langu basi, usitembee uchi." Tukacheka mpaka mwenye duka akatukodolea macho.

Lakini la kwake nisingeweza kulitumia, lilikuwa halina cheti. Na la kwangu lilikuwa kazini. Hoteli moja Kilifi ilinikubali niwe karani wa stoo. Walipopeleka namba yangu kuniandikisha kwenye akiba ya uzeeni, jibu likarudi kwamba mtu huyu ameajiriwa kwingine na anakatwa kila mwezi. Meneja akaniuliza mimi ni mwizi wa aina gani. Sikungoja kuulizwa mara ya pili mahali pengine. Nikawa wa kazi zisizouliza karatasi: kukwangua mashua Mnarani, kubeba mawe ya ujenzi Lamu, kupaka rangi kila mahali. Nisimsingizie ndugu yangu. Nadhani hata ningekuwa na jina langu zima mfukoni ningetembea tu, kwa sababu mji ukishanizoea mimi huanza kuukumbuka mwingine. Ila kuna nyakati, nikiwa katika chumba cha kupanga na kitanda cha watu, nilikuwa nikiwaza kwamba kuna mimi mwingine kaskazini anayewahi kazini, ana mke, ana watoto, anakatwa akiba ya uzee. Yule alikuwa mtu wa maana. Mama alikuwa na saa ya ukutani ambayo kiwanda kilimtunukia mfanyakazi hodari, na chini yake kibati chenye jina langu. Wageni walimpongeza kwa kuwa na mwana mkubwa mwenye bidii. Naye akisema ahsanteni, huku mdogo wangu amekaa pale pale anakula.

Aliyekuwa akiipangusa vumbi saa ile ni shemeji yangu.

Aliolewa mwaka wa tatu wa kazi. Siku za mwanzo walimfundisha kwamba akipeleka chakula cha mchana asiulize jina la mumewe, aulize langu. Mara moja alisahau. Mlinzi akamwambia hapa hakuna mtu huyo, naye kwa kuogopa kurekebisha akageuka na chakula chake, akakila njiani peke yake, akicheka na kulia. Alinisimulia mwenyewe, miaka mingi baadaye, na alicheka tena. Jioni alimwekea mumewe miguu kwenye maji ya vuguvugu, akampaka mafuta ya nazi katika ile mipasuko. Mchana alishona makuti ya kuezekea na kuyauza kwa watu wa mahoteli. Ndiye aliyemwambia mumewe aongeze makato ya pensheni, zaidi ya yale ya lazima, kwani cha kula kitatoka kwenye makuti. Hilo nalijua kwa sababu ndugu yangu alikuwa akijisifu nalo. "Mke wangu ana akili ya uzee," alizoea kusema.

Basi nilifika Jumanne. Ndugu yangu alinipokea kwenye hoteli ya chai kando ya barabara, si nyumbani. Alikuwa amekonda. Macho yake yamekuwa na wekundu ule wa watu wa chumvi, kama mtu aliyetoka kulia sasa hivi.

Hakuzunguka. Alisema kwa kadhi ataeleza kwamba yeye ni mkulima na kibarua, na kwamba mfanyakazi wa chumvi ni mimi. Mimi nitaitwa kama shahidi.

"Sitaki uape uongo," akaniambia. "Wakikuuliza ni ya nani, toa kipande chako, kitambulisho chenyewe, uwaonyeshe. Jina ni lako. Namba ni yako. Zaidi ya hapo wanataka nini?"

Nikamuuliza kwa nini asimpe mwanamke nusu yake na mambo yakaisha. Akanieleza taratibu, kama anavyoelezwa mtoto. Akisimama mbele ya kadhi akasema pensheni ni yake, itaandikwa. Ikiandikwa, kiwanda kitasikia, maana huku hakuna kitu kinachokaa wiki bila kusikika. Atafukuzwa siku hiyo hiyo. Yeye na mimi tutashtakiwa kwa udanganyifu, na pesa zitazuiliwa mpaka wajukuu wazeeke. Mkewe hatapata, yeye hatapata, na bintiye aliye kidato cha pili atarudi nyumbani kukaa. Nikasema basi tuandikiane sisi kwa sisi, karatasi ya siri, kwamba siku zitakapotoka atampa nusu.

Akacheka. "Niandike kwa jina gani?"

 Nikiandika mimi, natoa mali isiyo yangu. Akiandika yeye, anatoa mali ambayo kwa karatasi hana. Nikakoroga chai yangu iliyokwisha kupoa, na yeye akaona bado siko upande wake. Akavua kandambili, akaweka mguu juu ya benchi, karibu na kikombe changu.

"Wewe ulikaa wiki tatu ukakimbia," akasema. "Mimi nilikaa. Baba nilimuuguza mimi. Mama nilimzika mimi, wewe ulifika siku ya tatu na mfuko wa machungwa. Nakuomba neno moja, kaka. Moja."

Aliyasema bila hasira. Angekuwa na hasira ningepata pa kushikia.

Alasiri nilikwenda kwa shemeji. Alikuwa barazani, anakunja majani ya mnazi juu ya ufito na kuyashona, rundo limefika kifuani mwake. Aliniamkia, "Shikamoo, shemeji," kama siku zote, akanisogezea kigoda. Tuliulizana hali za watoto, mmoja mmoja. Kisha akasema, bila kuacha kushona, "Umeitwa."

"Nimeitwa."

Alinieleza anachotaka, na alikuwa amekifikiria kuliko sisi sote. Hakutaka mumewe afukuzwe. Akifukuzwa atamlisha nani, aliniuliza, yeye au yule wa Mambrui? Alitaka kadhi aandike tu kwamba siku pesa zitakapotoka, nusu ije kwake, hata kama ni baada ya miaka kumi. Kungoja si kitu, amezoea. Anajua habari ya jina, anajua hatari yake, ndiyo maana alikwenda kwa kadhi na si kwa polisi wala kwa chifu. Alidhani kadhi ni mtu anayeweza kuambiwa jambo likakaa.

Nikamwambia ndugu yangu haamini kama litakaa. Akafunga fundo, akalikata kwa meno.

"Shemeji," akasema, "miaka yote hii nimekwenda getini nikaita jina lako. Juani, mvuani, na mimba. Sijakuomba kitu kwa jina hilo hata siku moja. Alhamisi ndiyo siku."

Akanipa maji ya kunywa. Hakuniuliza nitasema nini.

Chumba cha kadhi kilikuwa kidogo, na feni yake ilikuwa ikitikisa karatasi bila kuleta baridi. Kadhi mwenyewe alikuwa mtu wa sauti ya chini, mwenye miwani aliyokuwa akiivua kila anapomsikiliza mtu. Jambo la ndoa halikuchukua muda. Walikwisha kupelekwa kwenye sulhu mara mbili na wazee wa pande zote, na mara zote mbili ndugu yangu alikubali kila kitu kisha akarudi Mambrui. Kadhi akauliza kama kuna mali. Shemeji akatoa mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko karatasi ya pensheni, ile inayotumwa kila mwaka. Kadhi akaisoma.

"Hili si jina la mumeo."

"Ndilo analofanyia kazi, sheikh. Mwenye jina ni yule pale."

Watu wote chumbani wakageuka kunitazama. Ndugu yangu akasimama, akasema maneno yake kama alivyoniambia, kwa sauti tambarare, kwamba yeye ni mkulima, huenda chumvini siku mojamoja kupakia magunia, na mwajiriwa ni nduguye mkubwa. Mkewe alimsikiliza akiwa ameinamisha kichwa, kama anavyosikilizwa mgonjwa anapoweweseka.

Karani akaniletea msahafu. Nikaapa. Kadhi alichukua kitambulisho changu akakilaza kando ya ile karatasi, akapitisha kidole juu ya majina, moja baada ya jingine, kisha juu ya namba.

"Wewe ndiye mfanyakazi huyu wa chumvi?"

"Ndiye."

Akaniuliza nafanya kazi gani pale. Nikamwambia pampu. Akataka nieleze, nikaeleza. Nilimweleza bamvua na maji mafu, jinsi maji yanavyoachwa bwawa la kwanza mpaka yawe mazito ndipo yafunguliwe kwenda la pili, harufu ya mabwawa yakianza kukauka, mwanga ule wa kutoka chini unaokufanya utembee umefumba jicho moja, buti za mpira. Nilieleza vizuri. Kinachonitisha hadi leo ni kwamba sikubuni neno. Wiki zile tatu nilikuwa nimezibeba pwani nzima, kila chumba nilichopanga, na pale mbele ya kadhi zilitoka zote, na zilitoka kwa hamu, kama mtu anayesimulia kwao. Nilipomtazama ndugu yangu, alikuwa akitikisa kichwa kukubali bila kujijua, kama afanyavyo mfanyakazi yeyote akisikia kazi yake inaelezwa sawasawa.

Shemeji aliomba kusema. Akaruhusiwa.

"Sheikh, naomba wavue viatu. Wote wawili."

Ndani ya viatu vyangu vidole vilijikunja vyenyewe. Ndugu yangu alikuwa amevaa viatu vya kufunga, vipya, alivyovinunua kwa ajili ya siku ile. Kadhi akavua miwani. Akamwambia shemeji kwa upole kwamba mguu unaweza kupasuka kwa sababu nyingi, na yeye mbele yake ana karatasi na ana kiapo. Kama mama anakipinga kiapo hiki, kuna njia moja iliyonyooka. Mahakama itakiandikia kiwanda barua, nacho kilete mtu anayemjua mfanyakazi wao kwa sura.

"Unataka tuwaandikie?"

Hapo ndipo palipokuwa mahali pangu pa kusema. Muda ulikuwepo. Nimeupima mara nyingi tangu siku hiyo, na ulitosha. Ningesimama nikasema, kadhi, nimeapa vibaya, nirudishe. Ndugu yangu jasho lilimtiririka shingoni na hakulifuta. Shemeji alimtazama, si kwa chuki, alimtazama chini, kwenye vile viatu vipya, na mimi nilijua anachokifikiria kwa sababu hata mimi nilikuwa nikikifikiria: shule zilikuwa zinafunguliwa baada ya wiki mbili, na karo ya binti inatoka katika mshahara ule.

"Hapana, sheikh," akasema. "Wasiandikiwe."

Kadhi akamuuliza tena, na safari hii akamtahadharisha kwamba bila hivyo hana cha kusimamia. Akajibu vile vile. Basi kadhi akaandika. Ndoa ilivunjwa. Mume atatoa matumizi ya edda na karo za watoto, mama atakaa na watoto katika nyumba ile ile. Kuhusu pensheni, ni mali ya shahidi, haimo katika mali ya ndoa. Akalisoma jina langu kwa sauti, lote, la kwangu, la baba na la babu. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa miaka mingi kulisikia likitamkwa na kumaanisha mimi.

Nje, ndugu yangu alitaka kunipa mkono na pesa. Nikachukua nauli. Tukatembea hatua chache kivulini, naye akasimama.

"Lakini unajua ni zangu," akasema.

"Najua."

"Sema basi."

"Ni zako."

Alinitazama kama mtu anavyomtazama karani wa benki anayeihesabu pesa yake upande wa pili wa kioo. Alikuwa ameanza kuelewa. Mpaka siku ile tulikuwa tumeazimana jina kama watu wanavyoazimana baiskeli. Sasa kulikuwa na hukumu, yenye mhuri, isemayo kwamba kazi yake yote ya chumvi ni yangu, na mtoaji wa ushahidi ni yeye mwenyewe. Siku hizi hunipigia simu kila mwisho wa mwezi kuniuliza afya. Zamani ilipita hata mwaka. Akisikia nakohoa ananiuliza kama nimeona daktari, na mara moja alinitumia pesa za dawa. Pesa zile hazitatoka mpaka mimi nifike umri wa kustaafu, na siku ya kuzitoa watataka uso wangu na alama za vidole vyangu. Ndugu yangu hajawahi kunipenda hivi.

Mimi Mtwapa sikukaa. Nyumba ile ya rangi niliiacha upande mmoja haujamalizwa, nikaenda Mombasa. Nilizurura siku kadhaa, kisha nikapanda ngazi za ofisi inayotunza mfuko wa pensheni ya kiwanda. Pale hawamjui yeyote kati yetu wawili kwa sura. Msichana wa kaunta alitazama kitambulisho, akaniita mzee, akanipongeza kwa akiba nzuri. Nikamwambia nimekuja kubadilisha warithi. Akanichapishia ile fomu ya zamani niione. Mwandiko wangu wa shule, nadhifu, umelala juu ya mstari. Mke hakuna. Mrithi mama, ambaye amekufa miaka mingi.

Kwenye fomu mpya niliandika watu wawili. Wa kwanza niliandika jina la shemeji, nusu. Wa pili niliandika ndugu yangu, jina lake mwenyewe, lile alilopewa na baba, nusu. Nadhani ndiyo mara ya kwanza jina lake hasa kuandikwa katika karatasi yoyote ya kazi ile. Palikuwa na sehemu ya kueleza uhusiano. Kwa ndugu yangu ilikuwa rahisi. Kwa shemeji nilikwama, kwa sababu baada ya talaka hakuwa shemeji tena. Niliandika, mama wa watoto wa ndugu yangu. Msichana akasema nafasi ni ya neno moja, mzee. Nikakata, nikaandika ndugu.

Basi pensheni iligawanywa, nusu kwa nusu, kama alivyoiomba. Kilichobaki ni mimi kufa.

Nilimpelekea kopi yeye tu. Nilingoja kwanza edda yake iishe. Alikuwa pale pale barazani, na ukutani nyuma yake, kupitia mlango, niliiona saa ya mama. Hakuniita shemeji. Aliniita baba mkubwa, kwa upande wa watoto, akanisogezea kigoda kile kile. Aliisoma karatasi mara mbili, na mara ya pili alifuata kwa kidole.

"Kwa hiyo niombe ufe," akasema.

Nilijaribu kucheka. Yeye hakuwa akitania, alikuwa akitaka kuelewa hesabu. Nikifa mapema, akanieleza, yeye anapata. Nikiishi mpaka kustaafu, pesa zinaingia benki, na kadi ya benki anayo ndugu yangu. Na kati ya sasa na siku hiyo, yeye aamke kila asubuhi aniombee nini? Nikamwambia siku hiyo nitakwenda benki mwenyewe, kwa kitambulisho changu, nitazitoa kabla ya mtu yeyote na nusu nitamletea mkononi. Nikataka kumwapia.

Akainua mkono. "Umeapa mara moja mbele yangu, baba mkubwa. Inatosha."

Akaikunja ile kopi akaitia katika mfuko wa plastiki, pamoja na ile karatasi nyingine. Kisha akasema gari la mnunuzi liko njiani na makuti hayajafika barabarani, na kama nina nguvu nimsaidie. Nilisimama. Kutoka pale hadi barabarani ni mchanga mtupu, viatu vinazama, na watu wote hupita bila viatu. Nikavua vyangu nikaviweka kando ya kigoda.

Alitazama miguu yangu. Ni miguu ya mtu wa rangi na ngazi, laini, visigino vizima. Aliitazama kwa muda kidogo, kisha akainama akanyanyua mzigo wa kwanza, akanitwika kichwani, akarudi kuupanga wa pili.